Jibu: Chichén Itzá kwenda na kurudi siku moja kutoka Cancún

Umeuliza kama unaweza kwenda Chichén Itzá, magofu ya mji wa kale wa Wamaya nchini Mexico, na kurudi Cancún siku hiyohiyo bila kujiunga na kikundi cha watalii. Inawezekana kabisa, na kikundi si lazima. Ni kama kilomita 200, saa mbili na nusu kwa barabara ya kulipia. Kinachowaponza wengi ni saa: jimbo la Yucatán, ambako magofu yapo, liko nyuma ya Cancún kwa saa moja. Ukiondoka saa 12 na nusu asubuhi, unafika saa 2 ya kule, lango ndiyo linafunguliwa. Wakati wa kurudi saa hiyo unailipa, kwa hiyo usipange kupanda ndege jioni hiyohiyo.

Kiingilio ni malipo mawili, ya serikali kuu na ya jimbo. Ukija na risiti moja tu utarudishwa foleni. Beba peso taslimu.

Piramidi ya El Castillo hairuhusiwi kupandwa. Simama mbele ya ngazi upige makofi, mwangwi hurudi kama mlio wa ndege. Uwanja wa kale wa mpira wa Wamaya, wenye urefu wa mita 168, uuone mapema. Kufikia saa 5 mabasi yameshamwaga watu na kivuli ni haba.

Ukitaka kuogelea nenda Ik Kil, shimo la asili lenye maji, kilomita chache tu, ila usijipake losheni ya jua: utaogeshwa kwanza.