Marumaru Juu ya Sakafu ya Mbao

SWALI: Bafu letu la ghorofani hapa Moshi lina sakafu ya mbao, na fundi anataka kubandika marumaru moja kwa moja juu yake kwa saruji. Je, zitadumu?

JIBU: Ndugu msomaji, hazitadumu, kwa kuwa mbao hufura na kusinyaa kadiri unyevu unavyobadilika, ilhali marumaru haipindi hata kidogo. Anza kwa kung'oa mbao zilizooza, hasa zile zinazozunguka choo, ambazo bisibisi huzama ndani yake bila kusukumwa kwa nguvu. Kisha weka ndoo ya maji sakafuni na utembee kando yake. Maji yakitikisika sana, ongeza boriti kwanza. Juu ya sakafu hiyo ya mbao kaza plaiwudi ya milimita 18 kwa skrubu (misumari hulegea), ukiacha mwanya mdogo ukutani, upake dawa ya kuzuia maji, ndipo utumie gundi ya marumaru inayonyumbulika.