Nani anatabiri kifo?

SWALI: Makala moja ya afya imeandika: "RNA iitwayo HOTAIR ni kiashiria kinachotabiri kifo cha mgonjwa wa saratani ya tumbo." Mwenzangu anasema ilipaswa kuwa "kiashirio". Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, nyote wawili. Maneno yote mawili yamezoeleka. Mwandishi achague moja na kulishika hadi mwisho wa makala. Kinachonikera ni jirani yake, "kinachotabiri kifo", na kimenikera miaka mingi.

Tabiri limetoka kwenye Kiarabu cha kufasiri ndoto. Kwa hali ya hewa nimelikubali, maana mvua isiponyesha kesho utatolewa utabiri mwingine. Kwa mgonjwa silikubali hata kidogo.

Tuichambue sentensi. "Kinachotabiri": HOTAIR, iliyotambuliwa mwaka 2007, ni RNA, yaani molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye DNA, isiyobeba maelekezo ya kutengeneza protini, ila husaidia kuzima baadhi ya jeni. Iko ndani ya seli. Ya kesho haiyajui. "Kifo cha mgonjwa": mgonjwa yupi? Hapa ndipo uongo ulipojificha. Watafiti huchukua vipande vya uvimbe uliotolewa kwa upasuaji, wakapima kiasi cha HOTAIR, wakawagawa wagonjwa mafungu mawili, wenye nyingi na wenye kidogo, kisha wakalinganisha muda walioishi. Fungu la wenye nyingi ndilo lililoonekana kuishi muda mfupi zaidi, kwa wastani. Kwa wastani! Ndani ya fungu hilohilo kuna wanaoishi muda mrefu kuliko wenzao wa fungu la pili. Na daktari bado hutazama kwanza saratani imepenya kiasi gani kwenye ukuta wa tumbo, kama imefika kwenye tezi za limfu, na kama imesambaa kwingine.

Sasa mfikirie mama aliyetoka kupewa majibu hospitalini. Anafungua simu, anakuta "kinatabiri kifo". Mwandishi amemhukumu mtu ambaye hakuna mtafiti aliyempima, na amefanya hivyo kwa kitenzi kimoja cha kivivu.

Najua nitajibiwa kuwa usahihi unakula nafasi. Basi ndani ya makala andikeni: "Wagonjwa ambao uvimbe wao una HOTAIR nyingi huishi, kwa wastani, muda mfupi zaidi." Kichwa cha habari kikibana: "HOTAIR yahusishwa na saratani kali ya tumbo." Hiyo inaenea hata kwenye skrini ya simu ndogo.