Kwa nini Sierra Nevada Pale Ale ina mashapo chini ya chupa

Mkuu, umeuliza kama bia yako ya Sierra Nevada Pale Ale, bia ya Marekani, imeharibika kwa kuwa ina mashapo. Haijaharibika. Hayo mashapo chini ya chupa ni hamira. Kiwandani huongeza sukari na hamira kidogo wakati wa kufunga chupa, kisha gesi inajitengeneza humohumo. Simamisha chupa kwenye friji usiku mzima, mimina taratibu kwa mkupuo mmoja, bakiza upana wa kidole chini. Ukiitikisa haitakuwa angavu na itakuwa na ladha ya mkate, ila haidhuru.

Kuhusu historia: Ken Grossman na Paul Camusi walianzisha kiwanda Chico, California, wakitumia matangi ya maziwa yaliyotumika. Walianza kupika Novemba 1980, na mapishi kama kumi ya mwanzo ya Pale Ale yalimwagwa kwa sababu ladha haikufanana kati ya pishi na pishi. Tatizo lilikuwa hamira: isipopata oksijeni ya kutosha mwanzoni huchacha kivivu na kuacha ladha mbaya, kwa hiyo uamuzi wa kumwaga ulikuwa sahihi kabisa.

Pale Ale ina kilevi asilimia 5.6, na harufu yake ya balungi na msonobari inatokana na hopsi (maua yanayoipa bia harufu na uchungu) aina ya Cascade. Kiwanda hicho kina bia nyingine pia: Celebration (asilimia 6.8) hutoka msimu wa baridi, ikitumia hopsi za mavuno mapya. Torpedo (asilimia 7.2) huzungushwa ndani ya silinda ya chuma iliyojazwa hopsi nzima, hivyo harufu inaongezeka bila uchungu mwingi.

Usiiache juani: mwanga huozesha harufu ya hopsi haraka.