Kaka ameacha sigara, mbona dawa sasa zinamlaza?

*Shangazi, shikamoo. Kaka yangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, anameza dawa yake olanzapini mwaka wa tatu huu na alikuwa ametulia. Alikuwa akivuta pakiti nzima kwa siku. Mfungo ulipoanza akaacha kabisa, tukafurahi. Sasa ni wiki ya pili, analala hadi adhuhuri, akiinuka anapepesuka. Juzi wakati wa kufuturu kikombe cha uji kilimponyoka. Mama anataka tuwe tunampa nusu kidonge. Tufanyeje? Dada mtu, Tanga.*

Marahaba, mwanangu. Mama yako ameona vizuri: inaelekea dawa imemzidi, ingawa kidonge ni kilekile. Lakini msikikate.

Moshi wa tumbaku hulifanya ini litoe kwa wingi kimeng'enya kinachovunjavunja olanzapini, kwa hiyo mvutaji huimaliza dawa haraka. Dozi iliyomtuliza kaka yako ilipatikana akiwa anavuta pakiti kila siku. Moshi ukikatika, kimeng'enya hicho hupungua ndani ya wiki hivi, na dawa ikaanza kujaa kwenye damu. Klozapini, dawa nyingine ya ugonjwa huo, nayo ni hivyo hivyo, tena kwa hatari kubwa zaidi, maana ikipanda sana huleta degedege.

Mpelekeni kliniki kesho, msingoje tarehe ya kadi. Neno la kwanza kwa daktari liwe hili: "Aliacha sigara siku fulani, na alikuwa akivuta kiasi hiki." Huniuma sana familia zinapoeleza usingizi, chakula, hadi ugomvi wa nyumbani, lakini sigara zikafichwa kwa aibu. Daktari ndiye atakayeamua dozi ipungue kiasi gani. Mkikisia wenyewe mkapunguza mno, ugonjwa utarudi. Akizimia, akishikwa na degedege, au mkimwamsha asiamke, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wala asitokee wa kumwashia sigara ati achangamke! Kwa mtu mwenye maradhi yale, kuacha pakiti nzima ni kazi kubwa, na mwambieni hivyo. Hamu ikimsumbua, muulizeni daktari kuhusu kibandiko au bigijii ya nikotini. Hivyo havivurugi dawa yake, kwa sababu kinacholichochea ini ni moshi, si nikotini.

Ninachokihofia zaidi ni Idi. Wengi huacha mwezi wa mfungo, wakarudia siku ya sikukuu wakiwa na marafiki. Akirudia wakati dozi imeshapunguzwa, dawa itashuka kwenye damu, na baada ya muda ugonjwa unaweza kurudi, pamoja na zile sauti ambazo mgonjwa huzisikia peke yake. Hapo nyumba nzima itamshutumu kwamba anatema vidonge, na majirani watasema karogwa. Hayo huwakuta pia wanaotulia wodini, mahali wasipovuta, kisha wakaruhusiwa na kuzikuta sigara kibarazani. Basi muulize wewe dada yake, kwa upole, bila kumpekua mifuko. Akikwambia amerudia, msimfokee. Mpigieni daktari siku hiyo hiyo.