Muulize Fundi: AC ipo, na fangasi wapo

Shikamoo fundi. Nimepanga Mikocheni, chumba cha watoto kina AC ya BTU 18,000, nimeikuta humohumo, na chumba chenyewe ni mita 3 kwa 4 tu. Tunaiweka 18 usiku kucha. Sasa tangu masika ianze ukuta wa nyuma ya kabati una madoa meusi, kona ya dari nayo hivyohivyo, viatu vya ngozi vimeota kitu cheupe kama unga na mdogo anakohoa akilala humo. Mwenye nyumba anasema nipige rangi tu. Mimi najua AC inakausha hewa, sasa imekuwaje? Mama Wawili, Dar

Marahaba mama, pole na mtoto. AC inakausha kweli, ila mpaka ifanye kazi muda wa kutosha. Hiyo yako ni kubwa mno, chumba hicho 9,000 kwa kawaida inatosha, so inapoza fasta, kompresa (ile mashine ya kupoza) inazima kabla haijavuta maji ya maana, halafu feni inaendelea kupuliza na yale maji yaliyobaki kwenye koili, yale mabomba ya baridi ya ndani, yanarudi hewani. Mnalala kwenye baridi ya kunata, shuka mpaka unaliona bichi.

Na hiyo 18 ndo ugonjwa wa mji huu. Hewa ya Dar wakati wa masika inaanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 24 au 25 hivi, ndo maana chupa ya soda inatoka jasho. Ukuta ukipoa chini ya hapo, hewa ya nje inayopenya dirishani na chini ya mlango inaulowesha, na nyuma ya kabati hakuna upepo wa kukausha, fangasi anajilia vumbi na rangi kwa raha zake.

Kwa hiyo rangi subiri kwanza, ukipiga sasa hivi madoa yatatokeza tena. Weka 25 au 26, feni spidi ya chini, au tumia ile alama ya tone la maji kwenye rimoti, ni ya kukausha hewa. Kabati livute kidogo kutoka ukutani, nguo zianikwe nje. Na asubuhi ukizima AC usikimbilie kufungua madirisha chumba kikiwa bado cha baridi, hapo unakaribisha unyevu wote wa nje uje ukae ukutani!

Halafu mulika tochi ya simu kwenye ile midomo ya AC inayotoa hewa. Ukiona madoa meusi kwenye feni ya ndani, ujue ndo yanapuliziwa watoto. Fundi anayeosha filta tu na kudai hela yake mrudishe, afungue aoshe koili na feni, azibue pia bomba la kutolea maji maana huwa linajaa ute. Filta we mwenyewe unaweza kuosha kila wiki 2.

Ukutani sugua kwa maji ya sabuni, vaa barakoa na glavu, watoto watoke. Jik usiichanganye na siki wala dawa ya choo, gesi yake ni sumu. Dari ya jipsamu kama imelegea kwa maji ikatwe, haisafishiki, na hiyo ni juu ya mwenye nyumba, mpigie picha umtumie. Mtoto apelekwe hospitali, na daktari umwambie habari ya ukuta. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, na pumu imo kati ya maradhi yanayohusishwa navyo.

Fundi mambo, AC ya gari yangu nikiwasha inanuka soksi, perfyumu haisaidii. Kijana wa Tanga

Poa. Perfyumu achana nayo. Badilisha filta ya kabini, na ukikaribia kufika zima AC uache feni ikaushe koili dakika chache. Chungulia pia chini ya gari, na joto la Tanga hilo AC ikiwaka lazima maji yadondoke, kama pakavu basi mrija umeziba na maji yamebaki humo ndani.