24LC256: mwisho wa sentensi unafuta mwanzo

Ndugu, chipu yako ya kumbukumbu, 24LC256, ni nzima kabisa. Unasema umeandika baiti 100 kuanzia anwani 0, ukisoma unakuta mkia wa sentensi umekaa kichwani. 24LC256 huandika kwa kurasa za baiti 64. Ukivuka ukingo wa ukurasa hairuki kwenda unaofuata, inarudi mwanzo wa uleule. Kwa hiyo baiti 36 za mwisho zimefuta 36 za kwanza.

Tuma 64, funga kwa ishara ya kusimamisha, ngoja milisekunde 5, halafu tuma zilizobaki kuanzia anwani 64. Usiruke huo muda: ikiwa bado inahifadhi, haiitikii hata ukiiita. Kusoma hakuna mpaka huo, soma zote 100 kwa mkupuo.