Picha za apu zinapotea kila asubuhi

Shikamoo kaka. Nipo Sakina, Arusha, nimejifunza Python mwenyewe nikatengeneza apu ya kampuni ya ndugu yangu inayopeleka wageni Serengeti, wageni wanabuki, sisi tunapandisha picha za magari na kambi. Kwenye laptopu inapiga kazi fresh. Nimeiweka Heroku, huduma ya kuendesha apu mtandaoni, mwanzo ikagoma kuwaka, nikahangaika mpaka ikakubali, sasa kila kukicha picha hazipo ila buking zote zipo. Jamaa ananiambia nijifunze Kubernetes ndo itatulia. Nifanyeje?
Msomaji wa Sakina

Marahaba mdogo wangu. Kubernetes iache kwanza, hiyo ni ya watu wenye makontena (vifurushi vya apu) kibao kwenye seva nyingi, wewe una apu moja, utakesha unahangaika na mafaili ya mipangilio na picha zitaendelea kupotea vilevile.

Apu yako kule imelala gesti, haijapanga chumba. Asubuhi wanafagia, ulichoacha mezani hukikuti. Heroku inaizima na kuiwasha upya angalau mara moja kwa siku, na kila ukipandisha msimbo mpya, na ikiwaka inaanza na yale mafaili yaliyotoka kwenye Git tu, yaani pale unapohifadhi msimbo wako. Picha aliyoweka ndugu yako jana mchana haikuwa kwenye Git, basi imeondoka. Buking zimebaki kwa sababu zinakaa Postgres, ambayo ni databesi, huduma ya pembeni, haiguswi apu ikizimwa. Kwa hiyo picha nazo zitoe humo, zipeleke kwenye stoo ya mafaili kama S3 ya Amazon, na kwenye databesi uandike anwani ya picha peke yake. Watu watakwambia chagua stoo ya Cape Town maana iko karibu na sisi, lakini wanaofungua hizo picha ni wageni wako walioko Ujerumani na Uingereza, weka Frankfurt au Ireland. Na funguo za S3 usiziandike ndani ya msimbo jamani, ziweke kwenye mipangilio ya Heroku yenyewe, ukizisukuma Git ya wazi kuna maroboti yanazunguka kutafuta vitu hivyo hivyo.

Ile kugoma ya mwanzo nahisi ilikuwa poti, yaani namba ya mlango ambao apu inapokelea maombi. Kwenye laptopu umezoea 127.0.0.1 (laptopu yenyewe tu) na poti 5000, Heroku inakupangia poti yake kupitia PORT, apu lazima iisome hiyo na isikilize 0.0.0.0 (anwani zote), zikipita sekunde 60 haijashika poti inauliwa na logi (kumbukumbu ya apu) inaandika R10, kosa la kuchelewa kuwaka. Zoea kuandika `heroku logs --tail` kabla hujabadilisha chochote, na soma mistari ya juu pale kosa lilipoanzia, wengi wanakimbilia mstari wa mwisho halafu wanabahatisha.

Kaka habari. Mimi niko Moshi, najifunza seva za Amazon, naogopa kadi isije ikakatwa hela nikiwa nimelala. Nikizima seva si inatosha?
Msomaji wa Majengo

Nzuri ndugu yangu. Haitoshi. Ukiizima bila kuifuta, diski yake inaendelea kuhesabiwa, na kama uliichukulia anwani ya kudumu ya mtandao (IPv4) nayo inakula, ni dola 0.005 kwa saa, ukipiga mwezi mzima inakaribia dola 3.60, na hapo hujafanya kazi yoyote. Ukimaliza zoezi futa seva, hakikisha diski imeondoka nayo, rudisha anwani, halafu pita kwenye kila eneo la Amazon (kama Frankfurt au Ireland) ulilowahi kufungua kitu maana ukurasa wa seva unakuonyesha eneo moja moja. Weka na bajeti ya dola 1 ikutumie imeli, ila elewa kwamba hiyo inakuarifu tu, haizimi kitu, na inaweza kuchelewa masaa kadhaa, kwa hiyo ukiipata usingoje kesho, ingia ukafute.